Mashine ya msasa iwekeni kando

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji niseme neno kuhusu samani za zamani za mbao, na hasa kuhusu ushauri ambao siku hizi kila mtu anaurudia: ukitaka kukifufua kiti au kabati la kale, tafuta mashine ya msasa, kwangua mpaka mbao ibaki nyeupe, halafu paka vanishi mpya inayong'aa. Naupinga ushauri huo kwa moyo wote, kwa faida ya samani zenyewe na ya huyo anayezitengeneza.

Mimi si seremala. Kazi yangu ni hesabu. Kutwa macho yako kwenye kompyuta, na jioni kichwa bado kinajumlisha na kutoa hata kama mwili umeshafika nyumbani. Kilichokuja kunituliza ni kukarabati samani mbovu kwa mkono, bila haraka. Sina karakana. Nina sanduku lenye bisibisi, patasi, nyundo ya mpira, msasa, gundi, kopo la nta na matambara ya pamba, basi.

Chukulia kiti kinachoyumba. Mara nyingi hakuna mti uliovunjika, ni gundi tu iliyokufa kwenye maungio. Wengi hukimbilia msumari, na msumari ndio unaokimaliza kiti: mbao hutanuka na kusinyaa kadiri unyevu wa hewa unavyopanda na kushuka, chuma hakiendi nayo, mwishowe mbao inapasuka palepale ulipopigilia. Mimi hukifungua. Naweka kibao laini juu ya mguu nisije nikauumiza, nagonga taratibu kwa nyundo ya mpira mpaka ulimi, yaani ile ncha ya mbao iliyochongwa kuingia kwenye kipande kingine, uchomoke kwenye tundu lake. Hapo ndipo ninapokutana na fundi aliyekitengeneza. Unakuta alama ya penseli aliyoiweka ili mguu wa kulia usije ukaenda kushoto, na mikwaruzo ya patasi yake ndani ya tundu, mahali ambapo alijua hakuna atakayechungulia.

Viti vingi vya zamani viliunganishwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo ina wema mmoja mkubwa: maji ya moto huilegeza. Naloweka kitambaa, nakikamua, nauviringishia ulimi, nangoja. Baada ya muda ule ukoko mgumu wa kahawia unageuka ute, na naukwangua kwa kijiti kilichochongwa bapa. Lazima uondoke wote, kwa sababu gundi nyeupe ya siku hizi hushika kwa kuingia ndani ya mbao; ikikuta ukoko wa zamani inakauka juu juu tu, na kiti kitayumba tena. Hakuna namna ya kuharakisha kazi hii, na kwangu hiyo ndiyo starehe yake. Vidole vinatafuta palipobaki utelezi, jicho linafuata kona za tundu, na hesabu za ofisini hazipati pa kukaa.

Baada ya mbao kukauka vizuri, napaka gundi mpya, narudisha kila ulimi kwenye tundu lake, kisha nazungusha kamba kwenye miguu yote minne. Napenyeza kijiti katikati ya kamba na kukisokota mpaka maungio yakaze na tone la gundi lichungulie pembeni. Kabla sijaondoka napima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe ya kikalio, njia zote mbili. Zikilingana, kiti kimekaa mraba. Zisipolingana, nasukuma kidogo kabla gundi haijashika.

Ubao wa meza uliobonyea nao hauhitaji kukwanguliwa. Kama mbao ni tupu, haina vanishi, na nyuzi zake hazijakatika, weka tone la maji palipobonyea, funika kwa kitambaa chenye unyevu, gusisha pasi ya moto kwa muda mfupi, inua utazame. Nyuzi zilizokandamizwa zinafyonza mvuke, zinavimba na kurudi juu. Anayetumia mashine angekula ubao wote mpaka ulingane na shimo!

Na ile rangi ya juu mnayoiita uchafu, jamani, ipimeni kwanza. Dondosha spiriti kidogo mahali pasipoonekana. Rangi hiyo ikianza kunata, huenda ni shelaki, aina ya vanishi ya kale ambayo hutokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaofugwa kwenye miti, hasa India na Thailand. Shelaki mpya huyeyusha ile ya zamani na kuungana nayo, kwa hiyo unaweza kuponya palipochakaa bila kubandua chochote. Chini yake kuna rangi ambayo mbao imeipata kwa mwanga na hewa miaka mingi. Rangi hiyo iko juu juu tu; mashine ikipita imekwenda, na hakuna kopo la dukani litakaloirudisha. Penye vinia, yaani tabaka jembamba la mbao lililobandikwa juu ya mbao nyingine, ndiyo hatari zaidi, maana vinia nyingi hazifiki hata unene wa milimita moja. Pakihitaji msasa kweli, upigwe kwa mkono, kufuata nyuzi, kuanzia msasa mkali kwenda ulio laini: namba 120, kisha 180, kisha 240. Kiganja kitakwambia lini pametosha.

Naandika pia kwa sababu ya usalama, jambo ambalo washauri wa haraka hawaligusi. Samani ya zamani iliyopakwa rangi inaweza kuwa na madini ya risasi ndani ya rangi hiyo. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978 tu. Ukiipiga msasa mkavu, vumbi lake ni sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Kama huna uhakika, usiiguse kwa msasa. Vilevile, ukiona matundu madogo ya wadudu na unga mpya laini unadondoka chini yake, mdudu bado yumo. Kiweke kitu hicho mbali na vingine kabla hujakileta ndani.

Jingine ni mafuta ya kitani, ambayo wengi wetu tunayapenda kwa kung'arishia mbao. Yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa kinaweza kuwaka chenyewe, hakuna kiberiti wala cheche. Kitandaze nje, kimoja kimoja, mpaka kikauke kikavu, au kiloweke majini ndani ya kopo la bati lenye mfuniko.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili: gazeti lina kurasa za mapumziko zenye simu mpya, mazoezi na sinema. Tengeni hata robo ukurasa kwa kazi za mkono, na waulizeni maseremala wakongwe, wale waliochonga maungio kwa patasi, waeleze namna kitu kinavyofunguliwa bila kuvunjwa. Wapo bado, na wana mengi ambayo hayajaandikwa popote.

Msomaji wenu wa siku nyingi