Harambee ya chujio la maji la shule yetu, Nzega

Ndugu wazazi, walezi, wahitimu na marafiki wa shule yetu mlioko Nzega, Tabora mjini, Dar es Salaam na popote pale, mwangaluka.

Tunaona haya kubisha hodi tena. Tulipoomba mabati mliitika upesi, na madarasa yale hayavuji hadi leo. Ila hili halisubiri.

Kisima cha shule kiko bondeni, chini ya mialo ya kuchenjulia dhahabu kwa zebaki. Maji yamepimwa maabara, yakakutwa na zebaki kupita ukomo wa Shirika la Afya Duniani, miligramu 0.006 kwa lita. Zebaki hudhuru figo, na kuchemsha maji hakuiondoi. Tumeandika kwa rangi nyekundu ukutani: MAJI HAYA SI YA KUNYWA. Watoto wa darasa la kwanza hawajajua kusoma. Ikifika saa sita, chupa walizotoka nazo nyumbani zimeshakauka. Mmoja anapiga pampu, wengine wanakinga viganja. Mwalimu wa zamu anawafukuza, akigeuka wamerudi.

Fundi ametushauri chujio la mkaa amilifu. Si mkaa wa jikoni. Huu hutengenezwa kwa kuchoma vifuu vya nazi, kisha hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi, hadi kila punje inajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Kuta za vitundu vya gramu moja tu huzidi mita za mraba 500, na maji yakipita polepole zebaki hunasa humo. Lakini vitundu hujaa, kwa hiyo tunachangia pia mkaa wa kubadilisha na vipimo vya mara kwa mara. Chujio lisilopimwa hatulitaki, maana watoto watakunywa bila hofu.

Tunahitaji shilingi 6,000,000. Kila kaya hapa imetoa debe la mpunga, hata bibi zetu wanaolea wajukuu peke yao. Nanyi wahitimu, tunaona mnavyochangiana harusi na sendofu, na tunafurahi. Wadogo zenu nao wanawategemea. Mwenyezi Mungu awazidishie.

Kila mchango utapewa stakabadhi. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa shule.

Tukutane uwanjani Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi. Usipoweza kufika, mkabidhi mhazini wa kamati au mwakilishi wa darasa lako. Ahadi zinapokelewa, ila fundi anataka nusu taslimu kabla ya kuagiza mkaa.