Msiba usiozikwa hurithiwa

Ndugu Mhariri,

Kila Septemba inapokaribia, barazani husikika maneno yaleyale: "Ya Spice Islander, meli iliyozama 2011, yameshapita, waacheni watu na maisha yao." Na habari za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, zikitajwa redioni, hawakosi wanaouliza kwa nini watu wazima wanalilia mambo yaliyowapata bibi zao. Maswali hayo yana jibu moja, nasi tunaofanya kazi ya nasaha kwa wafiwa tunaomba nafasi tulieleze.

Tuanze na Australia. Kati ya 1910 na 1970 hivi, serikali na misheni za huko ziliwachukua watoto wa Kiaborijini kwa nguvu, wakalelewa mabwenini au kwenye nyumba za Wazungu. Ripoti ya uchunguzi ya 1997 ilikadiria kuwa waliochukuliwa ni kuanzia mtoto mmoja katika kila kumi hadi mmoja katika kila watatu. Katika bweni la wavulana la Kinchela watoto waliitwa kwa namba badala ya majina. Mama aliyebaki nyuma hakujua mwanawe yu hai au amekufa, basi hakuweza kumlilia wala kumsahau. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna siku ya kuvunja matanga.

Huzuni ya namna hiyo hupita katika malezi. Msichana aliyekulia bwenini hakupakatwa. Akizaa hajui mtoto anayelia anyamazishweje, na kilio chenyewe kinamtia hofu. Anamwogopa ofisa wa ustawi, kwa kuwa ndiye aliyemchukua yeye. Mtoto akiumwa anachelewa kumpeleka hospitali, na mgeni akibisha hodi anamficha. Ofisa anaona uzembe, anaandika uzembe, na mtoto anachukuliwa tena. Mjukuu anarithi woga asioujua ulikotoka. Tume ya kifalme iliyomaliza kazi 1991 ilichunguza vifo vya Waaborijini 99 waliofia mikononi mwa polisi na magereza: 43 kati yao walitenganishwa na wazazi utotoni. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Lilikuwa jambo kubwa, lakini radhi haimfundishi mtu kupakata.

Hapa wengi hukosea. Wanasikia kwamba katika jamii nyingi za Kiaborijini jina la marehemu halitamkwi, na anayeitwa jina hilohilo hupewa jingine, kama Kumanjayi kule Australia ya kati, wakadhani huo ndio ukimya unaowaumiza. Sivyo. Huo ni ukimya wa mila: kila mtu anajua umeanza lini na kwa sababu gani, na wakubwa wa ukoo ndio wanaoufungua. Unafanana na eda yetu ya miezi minne na siku kumi, yenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Unaorithiwa ni ule usio na mlango.

Nao umo katika nyumba nyingi za Pemba na Unguja. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, maiti zilizopatikana zilikuwa chache mno kuliko watu waliopotea. Mke hakujua aanze eda lini. Watoto wakaambiwa "baba kasafiri." Mtoto aliyeambiwa hivyo akiwa na miaka minne, anangoja. Akifika kumi ameshajua kuwa aliongopewa, lakini haulizi asije akamliza mama. Na mama naye hataji, asije akamliza mtoto. Kovu la zamani zaidi lipo pia. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, ila "mtumwa" bado ni tusi, kwa hivyo wapo wazee wanaohesabu nasaba vizuri kabisa mpaka wakifika kwa babu wa tatu, hapo hukohoa.

Anayetaka kuisaidia familia kama hizi aende na mwenzake mmoja tu, baada ya alasiri, na kikao kisizidi saa moja. Asianze na "ilikuwaje?" Swali hilo linamrudisha mtu majini siku ya kwanza, na wiki ijayo hodi haitaitikiwa. Aanze na majina: fulani alikuwa nani, alipenda kula nini, alikuwa mkali au mcheshi. Achore nasaba ya vizazi vitatu karatasini, na kila asiyezikwa awekewe alama. Mara nyingi hujitokeza alama ya zamani ambayo hakuna aliyekuwa akiitaja. Kimya kikiingia, akiache. Wenyeji wa Mto Daly, kaskazini mwa Australia, wana neno dadirri, kusikiliza kwa utulivu bila pupa ya kujibu. Sisi tuna baraza, ila barazani tuna haraka ya kusema "subira," na subira ikitajwa mapema mno humfunga mtu mdomo.

Kisha mtoto aambiwe ukweli kwa maneno machache: "Baba alikufa baharini. Hatukumpata. Si kosa lako." Neno "kalala" lisitumike, maana usiku ataogopa kulala. Kama familia haikuwahi kusoma khitma, isome hata miaka ikiwa imepita, na iwaulize mashekhe wa mtaani juu ya sala ya ghaibu, yaani kumsalia maiti asiyekuwepo, ambayo madhehebu ya Shafi inaijuzisha. Asiyelala wala kula vizuri kwa wiki mbili apelekwe hospitali. Anayesema anatamani kufa apelekwe siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Akitaka na mganga, asigombezwe, lakini hospitali isisubiri.

Mwisho ni ombi kwako, Mhariri, na kwa wenzako wa magazeti mengine. Vyombo vya habari vya Australia hutoa onyo kabla ya kuonyesha picha au sauti ya Muaborijini aliyefariki. Septemba ikifika, msichapishe picha za maiti wa meli ile waliolazwa uwanja wa Maisara, mjini Unguja. Yupo mtoto anayeweza kumtambua baba yake kwa shati tu, kwenye gazeti lililofungiwa vitumbua.

Watoa nasaha kwa wafiwa,
Chake Chake, Pemba