Dizeli ya zamani ikichoka mlimani, usikimbilie kufungua injini

Simu tunazopigiwa sana hapa gereji zinafanana: fundi, gari huku bondeni inavuta vizuri tu, nikianza kupanda mlima inachoka, moshi mweusi tii, pampu ya dizeli imekufa? Mara nyingi haijafa, na inatuuma kuona mtu kashalipia nozo mpya (zile zinazonyunyizia dizeli) na ovahoo wakati shida ni hewa.

Iko hivi. Juu hewa ni nyepesi, oksijeni bado asilimia 21 ileile ila presha imeshuka, kwenye mita 3,000 inabaki kama asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo silinda inavuta kama kawaida lakini inachopata ni kidogo. Sasa pampu ya kizamani haina kompyuta wala sensa, inasikiliza mguu wako na gavana (kile kidhibiti cha mzunguko wa injini) basi, inamwaga dizeli ileile ya bondeni. Ile ya ziada haiungui vizuri, inageuka masizi, oili inachafuka haraka na joto la ekzosi linapanda. Injini isiyo na turbo (ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini) inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300.

Na hapa ndo watu wanaumiza injini: gari ikichoka wanakanyaga zaidi, au mbaya kabisa wanamwambia fundi aongeze mafuta kwenye pampu. Jamani msifanye hivyo, hewa haipo, unaongeza moto tu na pistoni zinayeyuka kweli. Shusha gia mapema, injini izunguke, halafu achia pedeli kidogo kidogo mpaka moshi upungue, utashangaa mwendo ni uleule.

Turbo inasaidia sana ila nayo inazunguka kasi zaidi kufidia, usiikanyagie sana. Baadhi ya pampu zina kifaa cha kupunguza mafuta zenyewe presha ya hewa ikishuka, tumeshakuta kimeganda au mtu alikitoa zamani.

Asubuhi ya baridi kuwaka kwa shida na moshi mweupe ni kawaida kule juu, hewa ikibanwa haipati joto la kutosha, hapo plagi za hita, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha, ziwe nzima zote. Kifuniko cha rejeta pia, maana kikilegea maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi.

Kama gari inaishi huko huko juu tunaweza kupunguza mafuta kwenye pampu, tunaweka alama pale skrubu ilipokuwa, maana siku ukishuka nayo moja kwa moja lazima irudishwe la sivyo itakuwa nzito bure. Kama unapanda na kushuka kila wiki tutakwambia uiache.

Kabla hujaja safisha au badilisha filta ya hewa kwanza, halafu tuambie moshi unaanzia wapi njiani, na ukishuka unaisha au unabaki. Ukibaki, hapo ndo tunafungua pampu.