Yah: Malalamiko kuhusu sampla inayotoa faili zilizoshuka sauti

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kuhusu sampla yenu ya pedi 16, mashine ya kurekodi vipande vya sauti na kuvicheza kwa kugonga pedi, ambayo bado iko ndani ya muda wa dhamana. Tangu niweke sasisho lenu la mwisho, kila sampuli, yaani kipande cha sauti, niliyoirekodi kwa 48 kHz (vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde) nikiihamishia kwenye kompyuta inafika imeshuka sauti, yaani imekuwa nzito, na kupungua mwendo. Mdundo wa mapigo 90 kwa dakika unakuwa wa 83 hivi. Mwimbaji anasikika kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Dawati lenu la msaada limenitaka niizime mashine na kuiwasha, kisha nibadilishe waya, na mwishowe likanishauri ninunue toleo jipya. Ikabidi nilitafute tatizo mwenyewe. Nilirekodi mlio mtupu wa 440 Hz. Ndani ya mashine unalia 440 sawasawa. Ukishahamishwa, kompyuta inausoma 404. Nilipofungua taarifa za faili nikakuta imeandikwa 44.1 kHz, ilhali sauti iliyomo ni ya 48 kHz. Gawanyeni 44.1 kwa 48, mzidishe kwa 440, mtaiona 404 hiyo hiyo. Nikiisahihisha namba hiyo kwa mkono, mlio unarudi 440. Sauti yenyewe ni nzima. Programu yenu ya kuhamisha ndiyo inayoandika namba isiyo yake. Waya hauna kosa.

Naomba nisiambiwe nirekodi kwa 44.1. Kazi zangu nyingi ni muziki wa video, na huko 48 kHz ndiyo kawaida. Tena tangazo lenu lenyewe lilinadi 48.

Nilipokuwa nachagua, programu ya sampla kwenye kompyuta ingenitosha kwa mengi: kukata vipande kwenye skrini kubwa ni raha, na nafasi ya kuhifadhi haiishi upesi. Kilichonikera huko ni ucheleweshaji. Kompyuta ikielemewa unaongeza bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa, hadi vipimo 1024 vya sauti, navyo kwa 48 kHz ni zaidi ya milisekunde 21 kabla hujasikia ulichogonga. Kwa mpiga ngoma hiyo ni karaha. Nikachukua mashine yenu kwa sababu pedi zinaitika papo hapo, na kwa sababu boksi liliandikwa kwamba inafanya kazi bila kompyuta na kutoa faili za WAV, aina ya faili za sauti zisizobanwa. Sasa faili hazitoki mpaka zipitie programu yenu, nayo haifunguki mpaka niingie kwenye akaunti kwa intaneti.

Sampla ya zamani, SP-1200 ya mwaka 1987, ilikuwa na biti 12, 26.04 kHz na sekunde kama kumi tu za kurekodi. Maprodyuza waliyajua hayo tangu mwanzo, wakawa wanaicheza santuri ya mizunguko 33 kwa mwendo wa 45 ili kubana nafasi, kisha wanaishusha sauti ndani ya mashine. Ule mkwaruzo ukawa ndio utamu wenyewe. Lakini wao walishusha kwa kutaka. Mimi nashushiwa, na hata kurudi kwenye toleo la zamani mmenifungia.

Ninachotaka ni hiki: mrekebishe programu hiyo, na wakati mnairekebisha mniruhusu kurudisha toleo lililotangulia. Pia mashine isomwe na kompyuta moja kwa moja kama diski ya kawaida, ili nichukue WAV zangu bila akaunti. Hayo yakishindikana ndani ya siku 14, nitairudisha mashine na nitadai fedha zangu zote, pamoja na za leseni ya programu.

Nimeambatisha nakala ya risiti na faili mbili za ule mlio: moja kama ilivyotoka kwenye programu yenu, nyingine niliyoisahihisha. Mpeni fundi, si dawati la msaada. Majibu nayataka kwa maandishi.

Wako,
Mteja wenu