Kuhusu lile swali lako la mpira

Chang'ombe, Dodoma

Shoga yangu Zaituni,

Salamu nyingi. Huku wazima, vumbi ndilo lilelile. Juzi simu ilikatika ukiniuliza, kucheza mpira na drafti na vijana wa mtaani ndiyo kazi gani? Nimeona nikuandikie, maana kwa simu hatumalizi.

Mwenzangu, mpira ni wa kuwakusanya tu, kazi yenyewe ni kuwaepusha na uhalifu. Kuna mmoja, jina nalihifadhi, anaokota vyuma chakavu kuanzia Majengo mpaka kwetu. Jioni alikuwa akikaa pembeni na kiroba chake, hachezi, haongei. Sikumhoji. Nikampa filimbi awe refa, akawa mkali kuliko wa ligi! Baadaye ndipo akaniambia kwa nini hataki kurudi nyumbani mapema: baba wa kambo akitoka kilabuni, hapakaliki. Na wakubwa wa kijiweni walishaanza kumnunulia chipsi. Unajua chipsi za bure zinakoishia. Leo unakula, kesho unatumwa mzigo wa bangi.

Tukaenda kwa bibi yake Kizota, akakubali alale kwake. Afisa ustawi wa jamii anashughulika na yule baba. Basi. Wanaotuomba takwimu za kazi hii hawatuelewi, maana wizi ambao haukufanyika utauhesabuje?

Kinachonikera ni umri. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, vijana wametengewa 4. Nzuri kabisa, ila inaanzia miaka 18. Huyu ana 15. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni mtoto, lakini shule aliacha darasa la sita na mtaani hakuna anayemwita mtoto. Vijiwe vinawachukua katika miaka hiyohiyo. Wasichana nao, tangu Novemba 2021 waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shule, lakini ruhusa haikai na mtoto mchanga mama akiwa darasani. Hapo inabidi tutafute shangazi, jirani, yeyote.

Sasa nina shida na wewe. Mjomba wako bado anatengeneza baiskeli Makole? Kijana huyu akipata pedeli au mnyororo kwenye vyuma vyake hauzi, anasafisha kwa mafuta ya taa na kuficha. Namwombea awe anashinda pale mchana ajifunze. Chakula chake nitatoa mimi. Mwulize unijibu kabla ya Ijumaa, bibi naye ameanza kulalamika kuhusu lile rundo la vyuma mlangoni.

Wako,
Mwanaidi