Mwani wa mabwawa ya Mabogini uvunwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaopanga mambo ya majitaka ya Moshi. Mimi ni mama mkulima wa mpunga huku Mabogini, tunakomwagilia kwa maji yanayotoka kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji.

Watu hudhani tumebahatika kupata mbolea ya bure. Ni kweli nusu. Maji yale yana naitrojeni, na mpunga huitaka sana unapochipua na unapokaribia kubeba mimba. Baada ya hapo ungependa ipungue, lakini majitaka hayafuati kalenda ya mpunga. Punje zinajaa, naitrojeni bado inaingia jarubani. Mpunga unarefuka, majani yanakolea kijani, upepo ukipita unalala, na ukipepeta unakuta mapepe mengi. Mbolea tunayo, tulichokosa ni ghala lake.

Nasema ghala hilo ni mwani, si ule wa baharini, bali vijimea vidogo mno vinavyoelea majini. Ndio unaoyapa mabwawa rangi ya kijani. Mchana hutoa oksijeni ambayo bakteria huitumia kuozesha uchafu, na wenyewe hukua kwa kula naitrojeni na fosforasi. Ukivunwa ukaingizwa kwenye mtambo wa biogesi, mahali pasipo hewa, bakteria wengine huugeuza kuwa methani, gesi ya kupikia au kuendeshea jenereta. Naitrojeni na fosforasi haziondoki na gesi; karibu zote hubaki kwenye bioslari, yaani uji unaotoka mtamboni baada ya gesi. Hiyo unaiweka, unaipeleka shambani wiki unayoihitaji.

Wazo hili ni la zamani. William Oswald na Clarence Golueke wa Chuo Kikuu cha California walilieleza mwaka 1960. Kule Chiclana, kusini mwa Hispania, mwani uliokuzwa kwa majitaka umetoa gesi ya kuendeshea magari. Mitambo ya biogesi yenyewe si migeni kwetu: CAMARTEC, taasisi ya serikali ya zana za kilimo na teknolojia za vijijini iliyoko Arusha, imeisambaza kwa wafugaji tangu miaka ya 1980, na mimi napikia gesi ya samadi ya ng'ombe wangu. Tena wenzetu wa nchi za baridi hulazimika kuipasha mitambo yao moto. Huku tambarare joto tunalo mwaka mzima.

Ugumu uko kwenye kuvuna, na lazima tuuseme. Chembe za mwani ni ndogo mno, hupenya kitambaa. Njia ya Oswald ni bwawa la kina kifupi, sentimita 30 hivi, maji yakizungushwa polepole kwa gurudumu la makasia. Humo mwani na bakteria hushikana kuwa mabonge yanayoweza kutuama chini. Bwawa hilo linataka eneo kubwa na umeme kiasi. Tena mwani peke yake una naitrojeni nyingi. Mtamboni hiyo hugeuka amonia, na amonia ikizidi bakteria hudumaa na gesi hupungua. Dawa yake ni kuuchanganya na kitu chenye kaboni nyingi, kama mabua ya mpunga. Na mabua, jamani, si ndiyo haya tunayoyachoma kila baada ya mavuno, moshi ukatanda hadi ndani ya nyumba?

Kama mama, kuna jambo silitaki lipuuzwe. Tope la majitaka hubeba mayai ya minyoo, na joto la kawaida la mtambo haliyaui yote. Watoto wetu hukanyaga majaruba haya peku. Bioslari hiyo ikaushwe, ihifadhiwe muda wa kutosha na ipimwe kabla ya kugawiwa mkulima yeyote.

Ombi langu ni dogo. Litengwe bwawa moja la majaribio na mtambo mmoja, wataalamu wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela kule Arusha washirikishwe katika vipimo, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za vijiji tuyasome. Mabua tutayaleta wenyewe kwa pawatila zetu. Ila wakulima tuitwe tangu kikao cha kwanza, wakati michoro bado inaweza kubadilishwa.

Mama mkulima,
Mabogini, Moshi