Rangi ya kalipa isifike isikotakiwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari wanaopaka rangi kalipa za breki nyumbani, yaani vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski ili gari lisimame. Rangi yenyewe haina ubaya, ubaya ni inakofika. Kalipa inatakiwa iteleze kwenye pini zake. Ikigandishwa na rangi, breki inabaki imeshika.

Legeza nati za tairi gari likiwa chini, weka kabari, kisha liinue na kuliegemeza kwenye stendi, si jeki peke yake. Toyota ndogo nyingi hushika kalipa ya mbele kwa bolti mbili za spana 14. Fungua hizo tu. Hosi ya mafuta ya breki usiiguse, la sivyo hewa itaingia. Kalipa ikitoka, ifunge kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa hosi, hosi huchanika kwa ndani usikoona. Asikanyage mtu pedeli wakati huo, pistoni inayosukuma pedi itachomoka.

Kazi kubwa ni usafi. Vumbi la breki lilowanishe, usilipulize, kwa sababu halifai kuvutwa puani. Sugua kutu kwa brashi ya waya, pitisha msasa namba 120, malizia kwa dawa ya kusafishia breki. Tafadhali sana: petroli, dizeli na mafuta ya taa, ambavyo gereji za mitaani huvitumia sana, visiguse mipira ya kalipa. Mpira ule umetengenezwa uishi na mafuta ya breki. Ukilowa petroli huvimba, pistoni hukwama, pedi hulala kwenye diski na tairi moja huchemka kila safari. Grisi ya beringi nayo ni hivyo hivyo. Pini zinataka grisi ya silikoni.

Ziba kwa tepu ya karatasi mpira wa pistoni, pini, nipeli ya kutolea hewa na mahali pedi zinapokaa. Uso wa habu, kile kitovu tairi linapofungwa, unaogusana na rimu usipakwe kabisa: rangi ikisagika pale, nati hulegea.

Nunua rangi ya kuhimili joto, walau nyuzi 200 za Selsiasi. Ile ya geti itababuka. Paka kwa brashi mikono miwili au mitatu myembamba, uache siku nzima. Masika usijaribu, unyevu hauiachii rangi ishike.

Wakati wa kurudisha, pistoni isukume polepole kwa klampu huku ukiangalia kikopo cha mafuta ya breki kisifurike. Kalipa za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake, pistoni huzungushwa, haisukumwi. Bolti kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Nati za tairi za Toyota hizo hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 103. Kabla gari halijasogea, kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu, kwani mara ya kwanza huzama hadi chini.

Tembea taratibu kilomita chache, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Ukikuta upande mmoja una moto kuliko mwenzake, fungua tena: kuna pini au pedi imeshikwa na rangi.

Fundi wa breki,
Dar es Salaam